GPS ya mkononi ya kuingia nayo kitaluni: eTrex 32x, GPSMAP 65s, GPSMAP 67i au Montana 700?

Msimu mmoja, kusini kabisa mwa Pori la Akiba la Rungwa, tulisimama watu sita katikati ya miombo tukibishana kuhusu mita 300. Nyati alikuwa amejeruhiwa tangu asubuhi. Damu ilikuwa inaelekea kusini, na kusini ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwindaji bingwa, yule anayeongoza wageni wa uwindaji, alitazama GPS yake ikamwambia tumeshavuka mpaka kwa karibu mita 100. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye alitoa ya kwake, ya zamani, kioo kimekwaruzika kama kitako cha sufuria. Hiyo ilisema mpaka bado uko mbele, kama mita 200 hivi. Wawili hao walikuwa wamesimama bega kwa bega. Traka wetu, msoma nyayo, mzee wa Kikimbu, alichuchumaa, akaokota jani lenye damu, akalipitisha kwenye dole gumba kuona kama imeanza kukauka. Akasema, "Nyie someni tu. Mwenzenu anatembea."

Kilichosababisha ubishi ule nitakieleza huko mbele, maana ndicho kinachonifanya niwashauri watu tofauti na wauzaji. Mtu akiniuliza anunue GPS gani ya kuingia nayo porini, huwa ameshafikiria ukubwa wa kioo na bei. Mimi namuuliza kwanza: ramani utakayoiweka humo utaitoa wapi, na mpaka wa kitalu chako cha uwindaji nani atauchora?

Nimeendesha gari na kubeba mizigo kwenye kambi za uwindaji kwa misimu kadhaa, na GPS nilizoshika mkononi mwangu nyingi ni za Garmin, kwa kuwa ndizo zinazopatikana na ndizo ambazo mtu wa kambini anajua kuzitengeneza zikigoma. Kwa hiyo nalinganisha nne za kampuni hiyo: eTrex 32x, GPSMAP 65s, GPSMAP 67i na Montana 700. Simu nitaigusa mwishoni, maana kila mtu anayo mfukoni na kila mtu anauliza kwa nini isitoshe.

Ramani iliyomo ni ya kwao

Kwenye boksi wameandika kwamba kifaa kina ramani. Kweli kinayo, ila ya wapi? Kilichonunuliwa Marekani huja na ramani ya Amerika Kaskazini, cha Ulaya huja na ya Ulaya. Ukikiwasha ukiwa Itigi unaona nchi nyeupe, barabara kuu mojamoja, na jina la mji ulioko kilomita mia huko. Hakuna mto wa msimu, hakuna njia ya gari ya kitalu, hakuna mbuga. Nimeona mgeni amelipa mamia ya dola, anashuka kwenye ndege ndogo, anawasha, anatikisa kifaa kama redio mbovu.

Mapitio mengi ya vifaa hivi yameandikwa na wawindaji wa Marekani, wa majimbo ya Montana na Colorado. Kule shida yao ni kujua ardhi ni ya serikali au ya mtu binafsi, ndiyo maana wanaisifu mno onX, kampuni ya hukohuko Montana inayouza ramani zenye majina ya wamiliki. Huku haikusaidii. Katikati ya Pori la Akiba la Kizigo hakuna mwenye shamba. Mipaka inayotuhusu ni ya kitalu na kitalu, ya pori la akiba na hifadhi ya taifa, na ya jumuiya ya wanyamapori na ardhi ya kijiji.

Tena mipaka hiyo inabadilika. Mwaka 2019 eneo kubwa la kaskazini mwa Pori la Akiba la Selous lilitengwa likawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na Pori la Akiba la Ugalla likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kuwinda, nukta. Ramani iliyowekwa kwenye kifaa kabla ya hapo bado inakuonyesha pori la akiba tupu, na kifaa hakina aibu ya kukupeleka kwa Wahifadhi na bunduki mkononi. Ukinunua GPS ya mkono wa pili, jambo la kwanza ni kufuta ramani aliyoiacha mwenzako.

Ramani zinazofaa huku ni tatu. Ya kwanza inatokana na OpenStreetMap, bure kabisa, inachorwa na watu wa kujitolea. Sehemu nyingine imechorwa hadi kijito, sehemu nyingine ni kama hakuna aliyewahi kupita. Ya pili ni Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, ya kulipia, na kwa njia za magari na kambi iko vizuri sana. Hizo mbili kwenye Garmin hukaa kama faili lenye mwisho wa .img, unalitupia kwenye folda ya Garmin kwa waya wa kompyuta, au kwenye memori kadi kwa vifaa vyenye tundu lake. Ya tatu, ambayo ndiyo muhimu kuliko hizo mbili, ni mpaka wa kitalu chako mwenyewe. Huo unauchora kwa koodineti zilizoko kwenye nyaraka za kitalu, unauhifadhi kama faili la GPX, unaingiza kwenye kifaa, unaupa rangi nyekundu. Kazi ya jioni moja kwenye kompyuta. Vifaa vyote vinne vinaupokea. Kama kwako hiki ndicho kitu cha maana, basi cha bei ndogo na cha bei kubwa viko sawa hapo, na tofauti inabaki kwenye mambo mengine.

eTrex 32x: ya mfukoni

Ilitoka 2019 pamoja na ndugu yake 22x. Kioo chake ni inchi 2.2, kidogo kweli. Uzito ni gramu 142 pamoja na betri, kwa hiyo unaisahau shingoni. Inatumia betri mbili ndogo za AA na kampuni inasema inafika saa 25. Mimi nikiiacha wazi mchana kutwa na kuizima usiku nimekuwa nikipata siku mbili na kidogo, mradi betri ziwe nzuri.

Watu wengi hununua 22x kwa kuwa ilipotoka ilikuwa dola 200 na 32x ilikuwa 300. Kwa safari ya gari, sawa. Kwa kuwinda kwa miguu, ongeza hiyo mia. 22x haina dira ya ndani. Mshale wake unaelekea sawasawa ukiwa unatembea tu, ukisimama unaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Na anayewinda muda mwingi amesimama. Umechuchumaa nyuma ya kichuguu, upepo umegeuka, unataka kujua kambi ya katikati iko upande gani bila kuinuka: hapo ndipo dira inalipa pesa yake. 32x inayo. Ina pia kipima mwinuko cha hewa, ambacho kwenye tambarare za Rungwa sijawahi kukihitaji hata mara moja. Anayepanda Udzungwa atakitaka.

Jambo ambalo kijitabu kinasema na hakuna anayesoma: ukibadilisha betri, irekebishe dira upya. Unaizungusha mkononi kwa namna inavyokuelekeza, nusu dakika imeisha. Na usiifanye ukiwa umeegemea Land Cruiser au bunduki iko begani. Chuma kinaivuruga, halafu siku nzima unaona kaskazini iko mahali pasipo.

Ubaya wake ni kile kijiti kidogo cha kusukuma kwa dole gumba. Kwenye vumbi la Oktoba na jasho, ukitaka kusogeza ramani unajikuta umeweka pointi usiyoitaka. Kioo nacho, kwa mwenye umri wa miwani ya kusomea, ni mateso. Mwindaji bingwa mmoja mzee alinikabidhi ya kwake njiani akasema, "Kijana, nisomee, mimi naona mchwa tu."

GPSMAP 65s: ninayoibeba mimi

Hii ilitoka 2020. Kioo inchi 2.6, uzito gramu 217 na betri, antena imetokeza juu kama ya simu za zamani. Vitufe ni vikubwa, vya mpira, vinabonyezeka hata mkono ukiwa na damu au matope. Inatumia betri mbili za AA pia, ila inazila haraka zaidi: kampuni inasema saa 16.

Inachokuzidishia ni kupokea setilaiti kwa masafa mawili badala ya moja, kutoka kwa mifumo kadhaa: ya Wamarekani, ya Warusi, ya nchi za Ulaya. Mawimbi yakigonga jabali au shina la mti mkubwa kabla ya kufika, kifaa cha masafa mawili kinajua zaidi kuyachuja. Sasa, je, kwenye miombo ya Agosti, majani yamedondoka na anga iko wazi, utaona tofauti na eTrex? Kidogo sana. Nimeziweka mbili juu ya boneti, zote zikaishia mahali pamoja kwa hatua tatu nne. Tofauti unaiona ukiingia kwenye misitu ya kando ya mto, au kwenye makorongo yenye miamba. Huko eTrex inachora njia yako kama mlevi anayerudi nyumbani, 65s inachora mstari unaoeleweka.

Naibeba kwa ajili ya vitufe zaidi kuliko kwa ajili ya setilaiti. Nitaeleza kwa mfano. Nyati akipigwa, kila mtu anatazama nyati. Kazi yangu ni kutazama mahali alipokuwa amesimama, kwa sababu dakika tano baadaye kila kichaka kinafanana na mwenzake. Vifaa vyenye dira ya ndani, vikiwemo 32x, 65s na 67i, vina uwezo wa kulenga: unaelekeza kifaa kwenye ule mti, unafunga mwelekeo, unakadiria umbali, tuseme mita 80, nacho kinakuwekea pointi kule bila wewe kutoka ulipo. Halafu unatembea hadi pale na kuanza kutafuta damu. Kwenye 65s naifanya bila kutazama vidole. Kwenye eTrex nahitaji kutulia, na kutulia wakati ule hakupo.

Mzee traka alikuwa anaicheka hii mashine hadi siku moja aliponiita pembeni, kwenye mto mkavu, akachimba mchangani kwa mkono hadi maji yakatokea, akaniambia, "Hapa kiandikishe." Mpaka leo kwenye 65s yangu kuna pointi inaitwa MAJI YA MZEE. Kwenye ramani zote nilizoziona, mahali pale ni mchanga tu.

GPSMAP 67i: pale ambapo hakuna mnara

Ilitoka 2023, wakati huo ikiwa dola 600 kwa bei ya kwao, kabla ya usafiri na ushuru. Kioo inchi 3, gramu 230. Hii si GPS tu. Inatuma na kupokea ujumbe mfupi kupitia setilaiti za Iridium, na ina kitufe cha SOS chenye kifuniko chake ubavuni. Betri ni ya ndani, ya kuchaji kwa waya wa USB-C kama wa simu mpya, na kampuni inasema inadumu saa 165 ikiwa inatuma mahali ulipo kila baada ya dakika kumi. Hata ukipunguza theluthi kwa ajili ya joto na uzembe, ni siku nyingi.

Kwa anayekwenda kukaa siku nne mbali na kambi kuu, uwezo wa kuandika "gari limekwama, leteni winchi" na kujibiwa, unazidi ramani yoyote. Lakini kuna mambo matatu ambayo muuzaji hatakuambia. Kwanza, ujumbe unataka kifurushi cha kulipia, bila hicho unabaki na GPS ya kawaida ya bei ghali. Pili, kitufe cha SOS kinafika kwenye kituo cha uratibu kilichoko Texas. Wale wanafanya kazi yao vizuri, ila hawana helikopta Manyoni. Wanapiga simu kwa namba ulizojaza wewe na kwa mamlaka za nchi. Kwa hiyo namba unazojaza ziwe za watu wenye gari lenye mafuta: meneja wa kambi, kampuni ya ndege mnayoitumia, kituo cha askari kilicho karibu. Nimemwona mgeni amejaza namba ya mke wake aliyeko ng'ambo peke yake. Tatu, kifaa kinachorusha mawimbi kwenda setilaiti si sawa na kile kinachopokea tu, kwa hiyo ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kuhusu kibali kabla ya kukiingiza nchini.

Betri ya ndani ina sura mbili. Inadumu, ila ikiisha imeisha, huwezi kuchomoa na kuweka nyingine. Bila pawabenki au sola ya kambi umebeba jiwe.

Wengine wananiuliza kama si bora 65s pamoja na inReach Mini 2, kile kidude cha gramu 100 kinachofanya kazi ya ujumbe na SOS peke yake. Mimi nakubaliana nao. Moja ikitumbukia mtoni, nyingine ipo. Na Mini inaweza kukaa kwa anayebaki kwenye gari huku GPS ikienda na wanaotembea. 67i inawafaa wanaochukia kubeba vitu viwili.

Montana 700: ya dereva

Nitakuwa mfupi. Inchi 5, kioo cha kugusa, karibu gramu 400, saa 18 kwa betri yake. Ukiifunga kwenye dashibodi ya Land Cruiser, ikichajiwa na gari, na Tracks4Africa ndani yake, hakuna inayoikaribia. Unaona njia zote za kitalu kwa mkupuo mmoja na unaona mpaka mwekundu unavyokusogelea. Kwa miguu ni mzigo. Kidole chenye jasho kinagusa pasipo, na ukipiga mbung'o aliyetua kwenye kioo, umeshahamisha ramani mpaka Zambia.

Simu je?

Kuna watu bado wanaamini simu bila mtandao haina GPS. Inayo. Kipokezi cha setilaiti hakihitaji mnara, kinachohitaji mtandao ni kupakua ramani. Ukiwa mjini weka programu ya OsmAnd au Organic Maps, pakua Tanzania yote, na porini itakuonyesha ulipo bila shida. Kioo chake ni kizuri kuliko vyote vinne. Kwa kupanga safari jioni kambini, naitumia simu, siyo GPS.

Shida inaanza saa sita mchana. Ukiiweka simu kwenye dashibodi Oktoba inakuandikia kwamba imepata joto kupita kiasi na inajizima. Mfukoni inakuishia betri kabla ya jua kutua. Ikidondoka juu ya jiwe, umepoteza ramani, kamera, pesa za simu na namba za nyumbani kwa pigo moja. Ibebe kama akiba.

Mita 300 zilipotoka

Sasa turudi kwenye ubishi wetu.

Ramani za zamani za Tanzania za skeli ya 1:50,000, na koodineti nyingi za mipaka zilizosomwa kutoka humo, zinatumia datamu iitwayo Arc 1960. GPS ikitoka kiwandani inatumia WGS84. Datamu ni kama mahali pa kuanzia kupimia. Fundi wawili wakianza kupima ukuta kutoka pembe tofauti, namba ileile itaangukia mahali tofauti. Kwa upande wetu wa dunia, ukichukua koodineti ya UTM (mfumo wa kuandika mahali kwa mita) kutoka ramani ya Arc 1960 na kuiandika kwenye kifaa kilichowekwa WGS84, pointi inaangukia karibu mita 300 kaskazini ya mahali pake halisi, na makumi ya mita pembeni.

Mwindaji bingwa wetu alikuwa ameandika koodineti za mpaka bila kugusa datamu. Mpaka wake ukawa umesogea kaskazini, ukamwambia amevuka wakati bado. Askari, ambaye kifaa chake kilikuwa kimewekwa Arc 1960 na mtu aliyejua anachofanya, alikuwa sahihi. Tulipomaliza kuelewana, mita 200 tulizokuwa nazo zilikuwa zimemtosha nyati. Nyayo ziliingia hifadhini, tukasimama pale, tukatoa taarifa. Mgeni alilipia mnyama ambaye hakumpata, kwa kuwa aliyejeruhiwa anahesabiwa.

Angalia lakini: Rungwa kosa lile lilituweka upande salama, kwa sababu hifadhi iko kusini. Selous ni kinyume. Kule Hifadhi ya Nyerere iko kaskazini mwa pori la akiba. Mpaka wako ukisogea mita 300 kaskazini kimakosa, kifaa kinakuambia "bado upo kwako" wakati umeshaingia hifadhini. Hapo hakuna wa kumweleza habari za datamu.

Dawa yake ipo kwenye vifaa vyote vinne, kwenye mipangilio ya namna ya kuonyesha mahali. Weka UTM, datamu Arc 1960, ingiza koodineti za ramani ya zamani, kisha rudisha WGS84. Kifaa chenyewe kinazigeuza kwa ndani, pointi hazitahama. Faili la GPX ulilotumiwa na mtu lenyewe huwa ni la WGS84, usilibadilishie chochote. Na kabla ya msimu, nenda kasimame kwenye bikoni moja inayojulikana, ile alama ya saruji ya wapimaji, ulinganishe. Ikitofautiana kwa hatua kumi, sawa. Ikitofautiana kwa viwanja vitatu vya mpira, umeshajua.

Jingine dogo: Rungwa na Ruaha zinaangukia kanda ya 36 ya UTM, Selous kanda ya 37, mstari wa kugawanya ukiwa nyuzi 36 mashariki. Kwenye Garmin utaona 36 M au 37 L. Hiyo M na L si kaskazini wala kusini, ni mikanda ya latitudo: M kutoka ikweta hadi nyuzi 8 kusini, L kutoka hapo hadi 16. Nimeona mtu akiandika S kwa maana ya kusini, na S kwenye mpangilio huo ni mbali kaskazini mwa ikweta. Pointi yake ikaenda upande wa Bahari ya Mediterania.

Betri

32x na 65s zinakula AA, na hilo kwangu ni sifa, kwa sababu AA zinauzwa hadi duka la kijiji. Ila zile za bei ya chini, za zinki, ni za rimoti ya runinga. Kwenye 65s zinakufa kabla ya chakula cha mchana. Beba alkalaini za uhakika, au za kuchaji aina ya NiMH seti mbili, moja ndani na moja kwenye chaja ya sola. Kisha ingia kwenye mipangilio ukiambie kifaa ni aina gani umeweka, la sivyo kipimo chake cha betri kitakudanganya. Msimu ukiisha zitoe. Alkalaini iliyosahauliwa Januari inavuja, na Julai unafungua kifuniko unakuta unga wa kijani umekula vibati.

Kwa hiyo ununue ipi

Dereva anayebaki na gari: Montana 700, hata ya mkono wa pili. Traka au msaidizi anayetembea siku nzima na mfuko wake si mnene: 32x, na asikubali kuuziwa 22x. Anayeongoza msafara kwa miguu: 65s. Anayekwenda mbali na redio ya kambi na mwajiri wake yuko tayari kulipia kifurushi: 67i, au 65s na Mini 2. Msomaji wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hii yote inakuhusu ukipanda Aberdare au ukipima shamba, na kwako kipima mwinuko cha 32x kitakuwa na kazi kuliko kwangu.

Tahadhari moja ya dukani. Mwaka 2023 zilitoka eTrex SE na eTrex Solar. Ni mpya kuliko 32x, nzuri, betri zake zinadumu kupita kiasi, ile ya sola ikianikwa juani haiishi. Lakini hazina ramani kabisa, na huwezi kuziwekea. Muuzaji atakuambia ni toleo jipya la ile uliyoulizia. Mwambie aiwashe, afungue ukurasa wa ramani, na akuonyeshe barabara ya duka lake.